Kikundi: Ukoo wa Mzee Kombo

Salma (Melbourne): Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa wote.
[picha]
Huu ukuta wa mawe meusi ni wa gereza la zamani la Pentridge, hapa Coburg, si mbali na ninapokaa. Siku hizi ndani kuna sinema, maduka na nyumba za watu. Kumbe ndipo aliponyongwa mtu wa mwisho Australia nzima, Ronald Ryan, tarehe 3 Februari 1967. Alihukumiwa kwa kumuua askari wa gereza wakati anatoroka. Nikamkumbuka Baba Mkubwa, kwa kuwa naye alikuwa askari magereza.

Baba Mkubwa Rashidi: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Huyo askari aliitwa nani?

Salma: George Hodson. Alikuwa na miaka 41.

Baba Mkubwa Rashidi: Umeona? Jina la mfungwa umelileta mwenyewe, la askari mpaka niulize. Haya, walitorokaje?

Salma: Jumapili mchana, 19 Desemba 1965. Askari wengine walikuwa kwenye sherehe yao ya Krismasi. Ryan na mwenzake Peter Walker wakapanda ukuta kwa blanketi na ndoano. Kule juu wakamkuta mlinzi mmoja, Ryan akaiwahi bunduki yake. Akamlazimisha avute wenzo wa kufungua geti, yule mlinzi akavuta mwingine. Wamefika chini, geti halifunguki! Ryan akarudi juu kumfuata.

Baba Mkubwa Rashidi: Lindoni mtu mmoja, tena siku ya sherehe. Sisi sikukuu ndiyo tulikuwa tunaongezwa zamu. Mfungwa anakaa mwaka mzima anakusoma tu: mnabadilishana saa ngapi, nani anasinzia, nani anaacha bunduki imeegemea ukuta.

Shangazi Mwajuma: Na Hodson mwenyewe alikuwa wapi?

Salma: Alitoka mbio kuwafukuza, Shangazi. Akaangukia barabarani, Sydney Road, hiyo hiyo ninayopanda tramu. Risasi moja tu.

Rehema: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Hamisi: Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Kesi hiyo naijua, na hapo kwenye risasi ndipo penye utata. Risasi yenyewe haikupatikana, wala ganda lake. Askari mwingine, Paterson, alisema mahakamani kwamba naye alifyatua mara moja. Sasa mashahidi wengi walisikia mlio mmoja. Wakili wa Ryan, Philip Opas, akang'ang'ania hapo: bunduki mbili, mlio mmoja, nani alipiga? Ryan alikana kizimbani. Polisi wakasema aliwakiria kwa mdomo, lakini hakuna karatasi aliyoisaini.

Baba Mkubwa Rashidi: Kwa hiyo askari walimuua mwenzao?

Hamisi: Sisemi hivyo, Baba Mkubwa. Hata Jaji Starke aliyesikiliza kesi aliamini Ryan ndiye. Lakini jaji huyo huyo alikuwa hakubaliani na kunyonga, na sheria ya wakati ule ya Victoria, jimbo ilipo Melbourne, haikumwachia nafasi. Ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, hukumu ni moja, kifo. Kama hapa kwetu.

Shangazi Mwajuma: Si kuna msamaha?

Hamisi: Ulikuwepo. Tangu 1951 Victoria haikuwa imemnyonga mtu, waliohukumiwa wote walibadilishiwa adhabu. Waziri Mkuu wa jimbo, Henry Bolte, akakataa kwa Ryan. Magazeti yalipinga, makanisa yakapinga. Hata baadhi ya raia waliokaa kwenye jopo lililomtia hatiani walimwombea, walidhani hatanyongwa kweli. Opas alikwenda mpaka London kukata rufaa, bila malipo kwa sababu serikali ilikata fedha za utetezi. Ikagonga mwamba.

Rehema: Na huyo Walker?

Hamisi: Alifungwa. Alimuua mtu mwingine kabisa wakiwa mafichoni. Akatoka 1984.

Rehema: Aliyeua mafichoni ametoka. Mwenye utata kanyongwa.

Salma: Kabla ya kufa Ryan aliwaandikia binti zake kwenye karatasi ya chooni. Akasema hakuwa na kusudio la kuua na dhamiri yake ni safi.

Baba Mkubwa Rashidi: Hapo hajasema hakupiga.

Salma: Ni kweli, hajasema.

Shangazi Mwajuma: Walimzika wapi?

Salma: Humo humo gerezani, bila alama. Mpaka 2007 ndipo mabaki yalipofukuliwa, yakachomwa na kuwekwa karibu na kaburi la aliyekuwa mkewe, huko Portland, humu humu Victoria.

Shangazi Mwajuma: Miaka arobaini! Huyo mke na watoto waliua nani? Ungewapa maiti yao wakazika. Hilo limeniuma kuliko yote.

Rehema: Mimi linaloniuma ni Hodson. Shangazi nisamehe, lakini mimi ni mtoto wa askari magereza. Baba akichelewa zamu ya usiku, mama alikuwa hagusi chakula, sahani inafunikwa mpaka asubuhi. Asingerudi, nisingetaka kusikia habari ya ganda wala mlio. Ningesema anyongwe.

Hamisi: Dada Rehema, Tanzania tangu 1994 hatujanyonga mtu, lakini wanaendelea kuhukumiwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilisema kumfunga jaji mikono namna hiyo ni kuvunja haki ya kuishi.

Rehema: Nimekuelewa Hamisi. Sijabadilika.

Baba Mkubwa Rashidi: Rehema mwanangu, mimi nilirudi, na mama yako alikula. Ila kuna jambo sikuwahi kuwaambia nyumbani. Nimelinda waliohukumiwa kifo. Alfajiri wakisikia funguo zinalia kwenye korido, wote wanasimama, hakuna anayejua wamekuja kumchukua nani. Unapeleka uji tu, unakuta mtu mzima miguu inamtetemeka. Ryan ningemfunga maisha, azeekee mle ndani. Kamba, wakati risasi haijaonekana, nisingeitia sahihi.

Rehema: Nimesoma baba. Nitakupigia jioni tuongee vizuri.