Oili chafu kuzamishwa Mkondo wa Pemba: hoja ina mashiko?

Mkoani14
Assalaam alaykum wakubwa. Gereji za hapa Mkoani zina mapipa 14 ya oili chafu, ya lita 200. Wapo wanaoshikilia yakazamishwe katikati ya mkondo, kwa kuwa kina kinafika mita 800, na Wasovieti walizamisha taka za nyuklia Aktiki bila ya kutokea kitu. Kitaalamu imekaaje?

Nahodha_Wesha
Waalaykum salaam. Kwanza hayatazama. Lita 200 za oili ni kilo 180 hivi, bati kilo 20. Pipa zima linasukuma kilo 220 za maji ya chumvi, kwa hiyo litaelea, na mkondo wa maji utalichukua kaskazini hadi Kenya. Bahari ya Kara, kule Aktiki walikozamisha Wasovieti, yalikuwa hayo hayo: makontena yaliyoelea yalipigwa risasi yatoboke ndipo yazame. Chombo cha kuzuia taka kinatobolewa siku ile ile!

Bint_Mikoko
Na hilo la "bila ya kutokea kitu" linapotosha. Ripoti ya Yablokov, ya serikali ya Urusi ya 1993, ilitaja maelfu ya makontena na vinu 16 vya nyuklia, 6 vikiwa na fueli ndani. Nyambizi K-27 ililazwa mwaka 1982 kwenye mita 33 tu, vinu vyake vimejazwa lami na kemikali ya furfuroli ili maji yachelewe kuingia. Yachelewe, basi. Tena kule baridi hupunguza kasi ya kutu. Bati la pipa ni milimita 1 hivi. Bahari hula karibu milimita 0.1 kwa mwaka, na kwenye mshono na kizibo hutoboka mapema zaidi. Oili ikitoka hupanda juu, iishie kwenye mwani na mikoko yetu. Itifaki ya London ya 1996, mkataba wa kimataifa wa kuzuia utupaji taka baharini, ina orodha fupi ya vinavyoruhusiwa kutupwa baharini. Oili haimo.

Mkoani14
Nimekufahamu, dada. Sasa tuyaweke vipi?

Nahodha_Wesha
Chini ya paa, juu ya paleti, sakafu ya zege yenye ukingo wa kubeba lita 700, yaani robo ya mzigo wote. Acha nafasi ya vidole vinne juu, joto hutanua oili. Kaza vizibo: mvua ya masika ikiingia, maji hukaa chini na oili ndiyo inayofurika. Usichanganye na thina, petroli wala maji ya rejeta. Petroli huleta moto, na mchanganyiko hausafishiki tena. Filta zitoboe zingali za moto, zitone saa 24. Msafirishaji mwenye kibali waulizeni ZEMA, mamlaka ya mazingira Zanzibar.

Bint_Mikoko
Mafuta ya transfoma kuukuu yasiingie humo kabisa. Huenda yana PCB, kemikali ya sumu isiyooza upesi, ambayo imekutwa hata kwenye shahamu ya dubu wa Aktiki. Hata kidogo huharibu pipa zima, kwa hiyo yawekeni peke yake, yapimwe kwanza.