Uzamili wa kujiandaa na udaktari Marekani: je, utainua GPA ya 3.1?

BintiMuheza aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa waliopitia njia hii au wanaoifahamu kwa karibu. Nilihamia Marekani na wazazi wangu nikiwa sekondari, nina ukaazi wa kudumu, na nimemaliza shahada ya kwanza ya biolojia katika chuo kikuu kimoja hapa Ohio nikiwa na GPA (wastani wa alama) ya 3.1 kati ya 4. Kilichoniangusha ni miaka miwili ya mwanzo. Nilikuwa nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Nilitoka kazini saa moja asubuhi, na saa mbili nilikuwa kwenye kipindi cha kemia, sare ya kazi bado ninayo mwilini. Miaka miwili ya mwisho nilipanda vizuri, lakini masomo ya sayansi yakihesabiwa peke yake, wastani wangu bado ni 2.8. Mtihani wa MCAT, ule wa kuombea vyuo vya udaktari, sijaufanya.

Sasa nimepata nafasi katika programu ya uzamili wa sayansi za tiba, ya mwaka mmoja, ambayo wanaitangaza kuwa ni maandalizi ya kuingia udaktari na kazi nyingine za afya. Ada inapita dola 40,000, chakula na pango havimo, na wanataka nitangulize pesa ya kushika nafasi kabla mwezi haujaisha. Baba anasema elimu haiozi, nikasome. Mama anauliza kwa nini nisisomee uuguzi, nianze kazi mapema, maana wadogo zangu wawili nao wanakaribia chuo. Ninachotaka kujua ni kama uzamili huu utaipandisha GPA yangu, kama kamati za udahili zinauthamini kweli, na kama nikikosa udaktari shahada hiyo itanipa kazi gani.

ZamuYaUsiku alijibu:

Mdogo wangu, hongera kwa kumaliza shahada katika hali hiyo. Mimi nilipitia programu ya aina hii kabla ya kuingia udaktari na sasa niko katika mafunzo ya ubingwa, kwa hiyo nitakueleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa ndani.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: hapana, haitapanda. AMCAS, mfumo ambao vyuo vingi vya udaktari vya Marekani hupokelea maombi, huandika wastani wa shahada ya kwanza na wastani wa uzamili katika mistari miwili tofauti, na hauichanganyi kamwe. Hata ukipata A katika kila somo la uzamili, ile 3.1 itabaki pale pale, na chini yake utaonekana mstari mpya. Kinachoweza kuibadilisha ni masomo ya ngazi ya shahada ya kwanza unayoyachukua baada ya kuhitimu. Chukulia ulimaliza na krediti 120: ukiongeza krediti 30 za A tupu, wastani wako unafika karibu 3.28. Kwa upande wa sayansi, kama zilikuwa krediti 60 kwa 2.8, krediti 30 hizo hizo za A zinakupeleka 3.2. Kupanda ni kwa taratibu, lakini mwombaji wa 2.8 na mwombaji wa 3.2 hawasomwi kwa jicho moja, hasa pale chuo kinapochuja maombi kwa tarakimu kabla mtu yeyote hajayafungua. Na ukisikia ushauri kwamba ukirudia somo alama ya zamani inafutwa, jua kwamba huo ni wa zamani. AMCAS huhesabu alama zote mbili, na hata AACOMAS, mfumo wa vyuo vinavyotoa shahada ya DO (udaktari wa osteopathi, tofauti na MD, shahada ya kawaida ya udaktari), uliacha kufuta alama ya zamani mwaka 2017.

Hapo ndipo utakapoelewa uzamili huu ulibuniwa kwa ajili ya nani. Programu ya Chuo Kikuu cha Georgetown, inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake, ilianza mwaka 1975, na wazo lake lilikuwa kumchukua mtu ambaye alama zake za shahada ya kwanza hazitoshi, kumkalisha katika masomo ya mwaka wa kwanza wa udaktari pamoja na wanafunzi wa udaktari wenyewe, na kumpima kwa mitihani ile ile. Akifaulu sawa nao, hakuna anayeweza kusema kwamba hataumudu mzigo. Vyuo vingine vingi vimefuata, Boston na Tufts vikiwamo, ingawa si vyote vinavyofanya hivyo kwa ukali ule ule. Baadhi ya programu zina masomo yao ya pembeni, na mwanafunzi wa udaktari humwoni isipokuwa mnapopishana ngazini. Kabla hujalipa hata senti, uliza waziwazi: nitafanya mitihani ileile ya wanafunzi wa udaktari, na kamati za udahili zitaona nilisimama wapi nikilinganishwa nao? Wakikujibu kwa maneno ya kuzunguka, umeshapata jibu.

Kamati zinauthamini, ndiyo, ila ni upanga ukatao kuwili. Mtu wa 3.1 aliyemaliza uzamili huo akiwa na 3.8 anawapa kamati sababu ya kusahau miaka yake ya mwanzo, lakini aliyepata 3.2 amethibitisha kwa gharama kubwa kile ambacho kilikuwa bado ni shaka tu. Nilipokuwa huko, mtihani wa kwanza wa fiziolojia ulifika hata hatujazoea jengo, na waliokuwa wakifanya kazi usiku ndio waliotangulia kuyumba. Kwa hiyo ukienda, usiende na zamu za usiku.

Mwisho, MCAT. Mtihani huu una alama kuanzia 472 hadi 528, na wanaoingia vyuo vya MD wana wastani wa karibu 512 pamoja na GPA ya karibu 3.8, wanaoingia vyuo vya DO wako chini kidogo, karibu 504 na 3.6. Uzamili hautibu MCAT dhaifu. Kwa maoni yangu, kulipa dola 40,000 kabla hujajua MCAT yako ni kujenga ghorofa kabla ya kupima kiwanja.

MwanafunziWaMwaka alijibu:

Nakubaliana na kaka ZamuYaUsiku kwa mengi, lakini niongeze jambo la kalenda ambalo wengi hawalioni mpaka limewafika. Maombi ya AMCAS huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni kwa ajili ya kuingia chuo mwaka unaofuata, na anayewahi hupata nafasi zaidi kuliko anayechelewa. Uzamili huanza Agosti. Ukituma maombi Juni, kabla hujaanza, kamati itakusoma ukiwa bado na 3.1 yako, na alama zako za kwanza za uzamili hazitaonekana mpaka Desemba au Januari, wakati usaili wa vyuo vingi umeshasonga mbele. Ukisubiri umalize ndipo uombe, unakuwa na mwaka mzima wa kukaa katikati. Kwa hiyo ule wanaouita mwaka mmoja, katika maisha halisi ni miwili, na pango la nyumba halijui kwamba umeshahitimu.

Vilevile baadhi ya programu huahidi usaili katika chuo chao cha udaktari kwa mwanafunzi atakayefikisha wastani fulani na MCAT fulani. Hilo lina thamani kubwa kuliko tangazo lote, mradi sharti lenyewe liwe kwenye maandishi. Mimi niko ndani ya programu yenye ahadi ya namna hiyo, na kusema kweli ndiyo sababu pekee iliyonifanya niikubali ada.

NesiWaColumbus alijibu:

Mwanangu, mimi ni muuguzi, na nitajibu swali la tatu ambalo hao wanaume wameliruka. Uzamili wa sayansi za tiba peke yake haukupi leseni ya kugusa mgonjwa. Wenye shahada hiyo waliokosa udaktari nimewaona wakifanya kazi za maabara za utafiti, za kuratibu majaribio ya dawa, au za kufundisha chuo cha jumuiya. Ni kazi za heshima, ila nyingi kati ya hizo mtu mwenye shahada ya kwanza pia huzipata. Mama yako hajakosea kuuliza. Mwenye shahada ya kwanza ya fani nyingine anaweza kusoma uuguzi kwa njia ya mkato ya miezi 12 hadi 18, akafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, akaanza kazi.

Na kuna njia nyingine ambayo hujaitaja, ya wale wanaoitwa PA (wasaidizi wa daktari), wanaomwona mgonjwa na kumwandikia dawa wakishirikiana na daktari. Mafunzo yao huwa ni ya uzamili na huchukua takriban miezi 27. Vyuo vyao vingi hudai mwombaji awe ameshahudumia wagonjwa kwa saa nyingi za kazi, na zile zamu zako za usiku za kuwageuza wazee kitandani, kuwaosha na kuwapima shinikizo la damu, ambazo wewe unaziona ndizo zilizokuangusha, huko zinahesabiwa katika vyuo vingi. Tena mfumo wao wa maombi, CASPA, hutoa pia wastani wa jumla unaojumuisha masomo ya uzamili, tofauti na AMCAS.

Sisemi uache udaktari. Nasema jiulize kama unataka udaktari wenyewe au unataka kutibu watu, kwa sababu kwa mtu mwenye wadogo nyuma yake njia hizo mbili hazina bei moja.

HesabuZaAda alijibu:

Dada, suala la pesa limebadilika, na ushauri wa waliosoma miaka iliyopita hautakufaa hapa. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imefuta mkopo wa serikali wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Mkopo huo ndio uliokuwa ukijaza pengo lote la ada na maisha. Sasa mwanafunzi wa uzamili wa kawaida anaweza kukopa serikalini dola 20,500 kwa mwaka na si zaidi, na mwanafunzi wa udaktari dola 50,000 kwa mwaka, mwisho dola 200,000. Juu ya hayo kuna kikomo cha maisha cha dola 257,500 kwa mikopo yote ya serikali ya mwanafunzi mwenyewe.

Weka ada yako hapo. Ikiwa ni dola 40,000 na zaidi, nusu yake tu ndiyo inayofunikwa. Iliyobaki, pamoja na pango, utaitafuta benki, ambako mwenye historia fupi ya mikopo huambiwa alete mdhamini, na kwa kawaida mdhamini huyo ni baba yule yule anayesema elimu haiozi. Halafu kumbuka kwamba gharama ya miaka minne ya udaktari katika vyuo vingi vya binafsi inapita dola 300,000. Kila dola ya serikali utakayoitumia kwenye uzamili inakula kikomo cha maisha ambacho utakihitaji baadaye. Masomo ya ziada ya ngazi ya shahada ya kwanza katika chuo cha umma cha jimbo lako, ukichukua machache kila muhula huku ukifanya kazi, ni nafuu mara kadhaa.

KipangaWaPwani alijibu:

Kwa nini asirudi nyumbani akasome? Muhimbili, KCMC na Bugando wanatoa MD kwa miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kwa ada ambayo ukiilinganisha na hiyo ya uzamili utacheka.

ZamuYaUsiku alijibu:

Ndugu Kipanga, ni njia halali kwa anayetaka kufanya kazi Tanzania, ingawa vyeti vyake vya sekondari ya Marekani vitapaswa kwanza kupitia Baraza la Mitihani kwa ulinganifu. Lakini akitaka kurudi kutibu huku atahitaji cheti cha ECFMG, taasisi inayohakiki madaktari waliosoma nje, mitihani ya USMLE ya leseni ya udaktari, na kisha nafasi ya mafunzo ya ubingwa. Wahitimu wa vyuo vya MD vya Marekani hupata nafasi hizo kwa zaidi ya asilimia 90. Waombaji waliosoma nje ambao si raia wa Marekani, miaka ya karibuni, ni karibu 6 kati ya 10.

BintiMuheza aliandika:

Nawashukuru sana nyote, na shikamoo NesiWaColumbus. Leo nimewapigia simu watu wa programu na kuwauliza yale maswali. Masomo yao si ya pamoja na wanafunzi wa udaktari, na usaili hawauahidi. Wamesema tu kwamba wahitimu wao "wamefanya vizuri". Kwa hiyo pesa ya kushika nafasi sitailipa. Nimeamua kuchukua biokemia na fiziolojia katika chuo cha jimbo muhula ujao, nipunguze zamu zibaki za mwishoni mwa wiki, kisha nifanye MCAT mwakani ndipo nijue kama swali la uzamili bado lipo. Saa zangu za kazi nitaziomba kwa maandishi kutoka kwa msimamizi wangu, endapo nitaamua kwenda upande wa PA. Je, kuna chochote ninachopaswa kukifanya sasa hivi kuhusu MCAT?

HesabuZaAda alijibu:

Kiko kimoja. Kabla hujajisajili, omba msaada wa ada wa AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachoendesha MCAT na AMCAS, unaoitwa Fee Assistance Program. Wakazi wa kudumu wanaruhusiwa, na kipimo chao ni kipato cha kaya. Ukikubaliwa, ada ya MCAT inashuka sana, unapewa vifaa vyao vya kujisomea, na maombi yako ya AMCAS kwa vyuo hadi 20 hayatozwi ada ya mfumo. Usijisajili kwanza kwa kuogopa tarehe kujaa, kwa sababu msaada huo haurudi nyuma: kilichokwisha kulipwa hawakirejeshi. Andaa nakala za kodi za wazazi wako mapema, kwani wanaweza kuzidai.