Kivumbasi: majani ya uani au dawa ya dukani?

BintiPangani: Habari wadau. Kwetu kivumbasi hakikosi uani. Jioni bibi huweka matawi mabichi juu ya mkaa, moshi ukitanda barazani mbu wanapungua. Sasa dukani nimekuta dawa ya kuchua ya kivumbasi, bei si mchezo. Kwa mbu na mafua, kipi bora?

MkaziKakamega: Kwanza, kivumbasi kipi? Kile ambacho ukisugua jani kinanukia karafuu kina yujenoli, ileile iliyomo kwenye mafuta ya karafuu. Chetu huku ni Ocimum kilimandscharicum, kinanuka kafuri, ukikivuta tu pua inafunguka. Wakulima wa kikundi cha Muliru, pembeni ya msitu wa Kakamega, wanakilima mashambani badala ya kuchuma msituni. Majani hukaushwa, mafuta yananerekwa kwa mvuke, na ndiyo yanayotengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kikundi kilipata Tuzo ya Equator mwaka 2010. Kwa hiyo usishangae bei, gunia zima la majani linatoa mafuta kidogo sana.

MzeeWaGhala: Mimi ya chupa siihitaji. Majani makavu nayaponda, nachanganya na maharage ndani ya gunia, wadudu wanapungua sana. Siku ya kupika unapepeta tu. Hiyo dawa yenu ya kuchua itanilindia maharage?

MkaziKakamega: 😂 Hapo umeshinda mzee.

NesiMstaafu: Kwenye mafua, nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, inazibua pua, basi. Virusi haiui, hata kama 2020 wakati wa korona watu waliipiga kutwa mara tatu. Ipua sufuria kabisa, iweke chini mahali pasipoyumba ndipo ujifunike shuka. Mtoto mdogo usimwingize humo, maji ya moto yakimwagika ni balaa. Dawa za kuchua zenye kafuri nazo usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili, na zisikae anapofikia: kafuri ikimezwa ni sumu. Halafu moshi ni wa barazani. Ukienda kulala, chandarua chenye dawa.

BintiPangani: Asante nesi. Basi mbu na nyungu nabaki na ya uani, ya kuchua namnunulia babu, magoti yanamsumbua. Mkazi, mbegu za hicho cha kafuri nitapanda vipi?

MkaziKakamega: Ni ndogo mno, zinyunyize kitaluni na udongo kiduchu juu. Ukipata mtu mwenye mche, kata tawi uchomeke, ni rahisi zaidi. Babu asijipake penye kidonda, itamwasha.