Kwa nini umbali wa London hadi New York haulingani na saa za kwenye tiketi?

Msafiri_Makini: Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Umbali wa angani kati ya London na New York ni takriban kilomita 5,540, nazo ndege kubwa za abiria huruka kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa au karibu na hapo. Nikigawanya, napata saa 6 na dakika 9. Hata hivyo, tiketi yangu inasema naondoka London saa 5 asubuhi na kufika saa 8 mchana, yaani saa 3 tu, ilhali wakati wa kurudi naondoka saa 12 na nusu jioni na kutua saa 12 na nusu asubuhi ya kesho yake. Njia ni ileile, inakuwaje?

Saa_za_Dunia: Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika, na London iko mbele ya New York kwa saa 5. Kwa hiyo kwenda ni saa 3 ukijumlisha 5, yaani 8, na kurudi ni 12 ukitoa 5, yaani 7. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, pamoja na foleni ya kusubiri kupaa, ambayo hesabu yako haikuigusa.

Rubani_wa_Ramani: Tofauti ya saa moja inayobaki kati ya 8 za kwenda na 7 za kurudi ni kazi ya upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kama 10, hupita mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Chukua upepo wa kilomita 100 kwa saa: ukiwa mgongoni, ndege inakwenda 1,000 na kutumia saa 5 na dakika 32, ukiwa usoni, inabaki 800 na kutumia saa 6 na dakika 55. Angalia kwamba umeokoa dakika 37 lakini umepoteza 46, kwa hiyo wanaodhani kwamba upepo hujifidia wanakosea. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56.

Msafiri_Makini: Nashukuru sana. Mbona basi mstari wa safari kwenye ramani umepinda kuelekea kaskazini? Si ingefaa ndege inyooke?

Rubani_wa_Ramani: Imenyooka, iliyopindika ni ramani. Chukua tufe la dunia, uvute uzi kutoka New York hadi Madrid, miji iliyo karibu katika latitudo moja. Uzi ukikazwa utapanda wenyewe kaskazini, na njia hiyo ni fupi kwa karibu kilomita 170 kuliko kufuata latitudo moja kwa moja.

Saa_za_Dunia: Niongeze kwamba njia fupi huwa haipitiki nyakati zote. Helsinki na Tokyo zimetengana kwa kilomita 7,800 hivi, na safari ilikuwa ya saa 9 na nusu au zaidi kidogo. Baada ya anga ya Urusi kufungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ndege za Finland zililazimika kuzunguka, nyingine zikipitia karibu na Ncha ya Kaskazini, na safari ikafikia saa 13. Ukiuliza kikokotoo cha umbali, bado kitakujibu 7,800.