Wewe mzee uliyepangusa meza kwa leso kikaoni leo: SIJAKUSAMEHE

Binti Busokelo
Wakuu, salamu sina. Nasoma Ujerumani, nimekuja nyumbani, na sasa naandika nimekaa kwenye ngazi za nje ya ukumbi hapa Uyole, Mbeya, baridi inanitafuna masikio, na ndani bado wananicheka.

Yule mtu mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kuanzia Mbalizi hadi Kyela hakuna kikao cha harusi kinachokaa bila yeye kuwa mwenyekiti, kofia ile ile, kikohozi kile kile kabla ya kushika maiki. Leo kaishika tena. Zamu ya michango ikanifikia, nikasimama kwa adabu zangu zote: baba mdogo, naomba mniandikie elfu hamsini, taslimu. Taslimu jamani! Sio wale wa "nitapunguza mwisho wa mwezi" ambao ahadi zao tunazikalia vikao vitano.

Akanyamaza. Akakohoa. Akachomoa leso mfukoni, akaanza kupangusa meza. Polepole, kwa mviringo. Akamaliza akaikamua ile leso kavu, kama imetoka kwenye ndoo ya deki, akasema kwenye maiki: "Hii ndiyo Ujerumani yetu, ndugu wajumbe." Kisha akapangusa TENA.

Ukumbi ukaanguka. Shangazi yangu alicheka mpaka kilemba kikaingia kwenye soda. Na ile leso, wakuu, ni kubwa, ukiitandaza unafunika Ziwa Ngosi na chenji inabaki. Spika walizofunga nadhani zimesikika Tunduma.

Ndiyo, napiga deki. Nimekataa wapi? Nasafisha ofisi alfajiri kabla ya vipindi. Mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 tu kwa mwaka, au nusu siku 280, ukizidisha unahatarisha kibali chako. Kwa Kijerumani changu cha kuombea maji, ulitaka niajiriwe wapi, benki kuu? Kabla sijaondoka ilibidi kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti ya kufungwa. Baba aliuza kiwanja, mimi nikapanda basi usiku kwenda Dar kwa ajili ya visa, zaidi ya kilometa 800, nikarudishwa kwa karatasi moja, nikapanda tena. Zile hela zenyewe unaachiwa 992 kwa mwezi, chumba kinakula, bima inakula, na kila mwezi nadaiwa euro 18.36 za redio na televisheni. SINA redio. SINA televisheni. Nalipia tu kwa kuwa nina mlango.

Huyu wa leso alichangia elfu kumi siku naondoka. Elfu kumi! Ameitangaza kwenye misiba mitatu. Na ananipigia saa kumi na moja alfajiri ya huku, wakati wa majira yao ya baridi kule ni saa tisa usiku, kuniuliza simu yake ya Samsung imefikia wapi.

Halafu anapangusa meza. Mbele ya wakwe!

Sindano
Mkuu pole, ila nimecheka kama mazuri. "Akaikamua ile leso kavu" 😂😂 Huyo mzee ana kipaji, alipotea njia tu.

Binti Busokelo
Mimi ni wa kike, sio mkuu. Na hakuna cha kipaji hapo. AKAIKAMUA. Maji ya nini?

Mkinga Halisi
Elfu hamsini kutoka Ulaya? Hapo dada niko na mzee. Mimi nauza ndala Mwanjelwa na nimeandikwa laki.

Sindano
Umeandikwa, au umetoa?

Mkinga Halisi
Tuongelee mada.

Kaka Fuso
Swali moja. Mzee alijuaje unapiga deki?

Binti Busokelo
Niliweka picha kwenye status nimeshika dekio, nikaandika "Mungu ni mwema". Nilimzuia baba, nikamzuia mchungaji, huyu nikamsahau.

Kaka Fuso
Basi kesi imekwisha. Umejichoma mwenyewe.

Binti Busokelo
Kesi haijaisha! Angeniita pembeni. Angenipigia hiyo saa tisa yake ya usiku akanitukana mpaka vocha iishe, ningepokea. Kwa nini leso? Kwa nini mara MBILI?

Ughaibuni Tena
Dada wewe unalia una siku 140? Mimi nasoma China. Huku kufanya kazi bila ruhusa ya chuo ni kosa, ukikamatwa unapandishwa ndege. Mama namwambia WhatsApp haifunguki bila VPN (app ya kuruka vizuizi vya mtandao), anasema "huyo VPN ndiye mwanamke uliyenaye?" Amewatangazia jumuiya nzima. Wananiombea niachane naye.

Sindano
😂😂😂 VPN mkamwana wa Rungwe. Mahari ng'ombe wangapi?

Ughaibuni Tena
Usicheke. Na tumetofautiana saa tano. Wakikaa kikao cha ukoo saa mbili usiku baada ya kula, mimi ni saa saba, nimelala, wananiandikia mchango usingizini.

Mzee wa Kitulo
Mimi kilichonikera kwenye uzi huu ni kitu kimoja. Eti baridi ya Uyole inamtafuna masikio. Mtu umeishi kwenye theluji, Uyole inakutafuna wapi? Njoo Makete mwezi wa saba, ushike bomba la maji saa kumi na mbili asubuhi, ndipo ufungue uzi.

Ulanzi Mtogwa
Makete tunawaheshimu, lakini Mafinga hamjafika. Sisi msituni huku baridi inaongea.

Mzee wa Kitulo
Mafinga ni joto. Watu wa Mafinga wanavaa ndala.

Binti Busokelo
Jamani. Kule nyumba ina mabomba ya joto ukutani, unakaa ndani na fulana. Hapa ukumbi hauna hata mlango mzima. Ila sikuja kuongelea baridi, nimekuja kuongelea LESO.

Chuma Cha Reli
Ungetuambia faida basi tujue kama ulienda kweli. Huko ukiokota chupa unalipwa, ni kweli au chai?

Binti Busokelo
Kweli. Chupa nyingi za plastiki ni senti 25 kila moja, unaingiza kwenye mashine ya dukani inakupa karatasi, unaenda nayo kaunta. Kuna mwezi nilikula wiki nzima kwa chupa. Jumapili maduka yamefungwa, Jumamosi ukijisahau unalala na njaa, kwa hiyo mfuko wangu wa chupa naupeleka Ijumaa. Hili naomba lisimfikie yule mtu, kikao kijacho atakuja na kiroba cha makopo.

Sindano
Nimeshapiga skrinshoti.

Binti Busokelo
Sindano nakuomba. Kwa jina la Yesu.

Chuma Cha Reli
Na parachichi huko bei gani? Nasikia ni dhahabu.

Binti Busokelo
Linauzwa moja moja, kama betri. Nililikuta dukani nikaligeuza kutafuta kama limetoka kwetu, nikaona bei, nikalirudisha taratibu kama yai.

Mama Hass
HAPO HAPO. Wasikieni wenyewe. Kule wanahesabu moja moja, huku dalali anakuja shambani Rungwe na gari la kukodi, anachagua makubwa, madogo anasema "haya ni makombo mama, nibebe kukusaidia tu". Wiki iliyopita kanibebea makombo pickup nzima. Kama ni makombo, mbona anayafunika turubai?

Lumbesa Haramu
Mama Hass afadhali wewe unapimiwa kwa mizani. Sisi wa viazi gunia la kilo 100 linashonewa kichwa juu, linavimba kama mjamzito wa mapacha, na bei ni ya gunia moja. Lumbesa imekatazwa miaka yote, kila kiongozi akija anaikataza tena, na mwaka huu wameniongezea kilemba juu ya kilemba.

Kaka Fuso
Msitulaumu sisi wa magari. Mimi napakia nilichokuta kimefungwa.

Lumbesa Haramu
Wewe ndiye unayelipwa kwa gunia! Kichwa cha gunia kinapanda bure, halafu pale mizani unalia umezidisha uzito.

Mkinga Halisi
Lumbesa haiishi kwa sababu wakulima hamna umoja. Mmoja akigoma, jirani anamwita dalali kwa mlango wa nyuma.

Mama Hass
Jirani yangu huyo. Umemjuaje?

Binti Busokelo
Mrejesho: ametoka nje sasa hivi, kapita hapa kwenye ngazi. Ameniona. Akapiga chafya, akachomoa ILE ILE leso, akajifuta pua, akaniuliza "mwanangu, narudi na nani mjini?" Wakuu, leso aliyopangusia meza ya wakwe!

Mzee wa Kitulo
Dada ngoja kwanza, tumalize la lumbesa.

Lumbesa Haramu
Asante mzee. Kaka Fuso, usikimbie swali. Kutoka Uyole mpaka sokoni Dar unachaji gunia shilingi ngapi, na je, lenye kilemba na lisilo na kilemba bei moja?

Kaka Fuso
Bei moja.

Lumbesa Haramu
Mmeona?

Mama Hass
Kaka Fuso, kesho kuna nafasi nyuma? Nina tenga sita, na safari hii madogo nayapakia mwenyewe.