Tupeane uzoefu: kazi ya msumeno wa nakshi ambayo hutaisahau

Msumeno Mwembamba
Wakuu, habari za jioni. Leo tumehamisha kabati la chumbani, na nyuma yake nimekuta kibao nilichokata mwaka 2016. Ni jina la binti yangu, plaiwudi ya milimita 6, rangi ya bluu imeanza kubanduka. Herufi A zote zimeziba, hazina tundu katikati. Wakati ule sikujua kwamba unatoboa kwanza kwa keekee, unafungua bledi upande mmoja, unaipitisha kwenye tundu, unaifunga tena, ndipo unakata ndani. Nilidhani kila mkato lazima uanzie ukingoni. Nimekaa nacho sakafuni kama nusu saa.

Hebu tupeane uzoefu. Kazi gani ya msumeno wa nakshi, ule wa bledi nyembamba wa kukatia maua na herufi, wa mashine au wa mkono, ambayo hutaisahau? Iliyopendeza, iliyovunjika, uliyoigawa ukajuta, zote lete. Sisi tunaokata kwa kupenda tu tumetawanyika, kila mtu na banda lake la uani.

Fundi wa Jioni
Mkuu, umenigusa. Mashine yangu ya kwanza ililetwa na shemeji kutoka Marekani, kaifungua vipande vipande akaipanga katikati ya nguo kwenye sanduku. Miezi minne naisubiri. Siku ilipofika nikaiunga na kuichomeka ukutani hapo hapo, sijasoma hata kile kibati cha nyuma. Kibati kinasema volti 120. Ukutani kwetu ni 230. Mashine ilinguruma na kutetemeka sijapata kuona, kipande cha mbao kikaruka, halafu ile harufu. Anayejua harufu ya koili inayoungua anaijua. Nimeshazima, moshi bado unatoka. Mke wangu alikuwa mlangoni na chai, akageuka nayo bila kusema neno.

Fundi akanisukia mota upya, nikanunua transfoma. Wanaotaka kununua za huko wasikie na hili: hata ukiwa na transfoma, mota ya namna ile iliyotengenezewa umeme wa hezi 60, huku kwenye hezi 50 inazunguka taratibu zaidi, inapungua kama sehemu moja ya sita. Nimeizoea. Kwa mninga naona hata ni afadhali, haiunguzi kingo.

Kazi yenyewe nisiyoisahau ni ramani ya Tanzania, kila mkoa kipande chake, watoto wapange. Nilipeleka darasani kwa mwanangu. Wakapanga, wakamaliza, wakapiga makofi, kisha mtoto mmoja akauliza: "Songwe iko wapi?" Ramani niliyoifuata ilikuwa ya kabla ya 2016. Nikarudi na kipande cha Mbeya nyumbani, nikachora mpaka juu yake, nikakikata viwili kwa bledi namba 1, nyembamba kabisa, ili vikikaa pamoja ufa usionekane. Songwe ikazaliwa mezani kwangu kutoka ubavuni mwa Mbeya, kama ilivyozaliwa kweli.

Mama wa Uyole
Sisi wa Mbeya kutugawa mara ya pili jamani! Lakini naiomba hiyo ramani, nina wajukuu watatu.

Pwani Kwetu
Mimi nilivutwa na lile jengo la zahanati ya zamani la Tharia Topan, kule Unguja, barabara ya Mizingani. Jiwe la msingi liliwekwa 1887. Simama chini utazame roshani zake na ile mikufu ya mbao iliyokatwa matundu matundu chini ya paa. Nilienda na daftari siku tatu nikachora ua moja tu linalojirudia. Nikalikata kwa ajili ya rafu ya vyombo ya mama, urefu wa mita mbili.

Ua likijirudia mara ishirini, ukikata moja moja yatatofautiana hata uwe nani. Nilipanga plaiwudi nne za milimita 3, moja juu ya nyingine, nikazizungushia selotepu pana ile ya kufungia maboksi, nikakata zote pamoja. Hiyo selotepu ikiwa juu ya mchoro inasaidia pia bledi isichome mbao. Na anza matundu ya katikati, malizia ya pembeni. Ukianza pembeni, ukifika katikati kazi yote inatetemeka.

Kijana Leza
Wakubwa heshima zenu. Lakini siku hizi mashine ya leza inakata hayo maua ishirini huku unakunywa soda. Mnajitesea nini?

Mzee wa Randa
Kijana, hatujitesi. Kuna mtu anapanda daladala na kuna mtu anatembea kwa miguu kwa sababu anataka kutembea.

Fundi wa Jioni
Leza inaacha ukingo mweusi na harufu ya moshi wiki nzima. Na mbao ngumu ya inchi moja hiyo leza yako ya mezani haiipiti.

Kijana Leza
Ukingo mweusi unapigwa msasa. Mteja haulizi umekata na nini, anauliza bei.

Mzee wa Randa
Nani hapa kataja mteja?

Pwani Kwetu
Mimi nauza, Mzee, usitufungie mlango. Ila sikuuza ile ya mama.

Binti Seremala
Niwieni radhi nakatiza. Nimesoma hapo juu "iliyovunjika", nimeweka simu chini, nimeichukua tena.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala, Mombasa. Alikuwa akitengeneza marufaa. Kwa wasioijua, ni kile cha kuwekea msahafu, miguu imepishana, kinakunjuka na kukunjika. Kinatoka katika ubao mmoja tu. Hakuna msumari, hakuna gundi, bawaba ni mbao yenyewe. Unachora vidole katikati ya ubao, mbele na nyuma, vya huku na vya huku vipishane. Unavichonga kwa patasi kwa mshazari. Kisha unaupasua unene wa ubao, kutoka ncha hii na kutoka ncha ile, mpaka ufike kwenye vidole, usipite. Mwisho unapitisha bledi nyembamba kati ya kidole na kidole. Halafu unashika pande mbili unafungua. Hapo ndipo baba alikuwa akisoma Bismillahi kwa sauti, kwani mpaka dakika hiyo hujui kama mikato imekutana ndani au kuna uzi wa mbao ungali umeshika.

Alifariki akaacha moja juu ya meza. Ya mbambakofi. Mguu mmoja keshaukata nakshi, wa pili penseli tu. Vidole vimechongwa, havijatenganishwa. Alikuwa ameiahidi kwa madrasa aliyosomea utotoni, na mama akasema iende siku ya hitma ya arubaini. Kaka zangu mmoja yuko Doha, mmoja Nairobi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa.

Nakshi nilikata kwa msumeno wake wa upinde, usiku, wiki mbili. Bledi nilizovunja sitataja. Mkato wa baba haugusi penseli, umesimama ndani ya tundu, umeuacha mstari mzima, unene wa unywele hivi. Wangu umeula mstari. Kwa hiyo matundu yake ni membamba kidogo kuliko yangu, ukiweka mguu kwa mguu unaona. Nilichukua msasa nilinganishe wake na wangu, nikapiga mara mbili tatu, mkono ukakataa. Nikaacha.

Siku ya thelathini na tisa, alasiri, nikatenganisha vidole. Vitano. Nikashika, nikasoma kama alivyokuwa akisoma, nikafungua. Ikaenda kidogo, ikakwama. Nikaongeza nguvu. Kikalia. Kidole cha mwisho kimekatika toka mzizini, kimebaki mkononi mwangu. Mama ananiita jikoni nikachague mchele wa kesho. Nilienda nikachagua mchele, kidole ki mfukoni. Sikumwambia mtu.

Usiku nikakipaka gundi, nikakifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Asubuhi ikafunguka, ikasimama. Mwalimu akaipokea, akaweka msahafu juu yake, watu wakaitikia dua. Ni miezi mitatu sasa. Hakuna anayejua mpaka usiku huu. Sijui nimwambie mwalimu, nitengeneze nyingine, au niache hivyo.

Mama wa Uyole
Pole sana mwanangu. Mungu amlaze pema baba yako.

Msumeno Mwembamba
Dada, nimesoma mara mbili. Pole. Iache. Vidole vinne vinabeba.

Fundi wa Jioni
Usiiache. Gundi pale imeshika uso mdogo sana, na mtoto akiifungua kwa pupa itang'oka siku kuna watu. Itie pini.

Pwani Kwetu
Ilikwama kwa sababu upasuaji wa unene haukukutana na mkato wa vidole. Safari nyingine shikilia taa nyuma yake, mwanga ukipita kote umemaliza.

Fundi wa Jioni
Taa inadanganya, pita na karatasi. Karatasi ikikwama, na mbao imekwama.

Chelsea Damu
Mkongo ungekufaa zaidi, hauvunjiki ovyo kama hiyo mbambakofi.

Pwani Kwetu
Ndugu, mkongo na mbambakofi ni mti mmoja. Bara mnauita mkongo, sisi tunauita mbambakofi.

Chelsea Damu
Si mmoja. Mkongo nimeupasua mwenyewe Lindi, naujua.

Mama wa Uyole
Ni mmoja. Mbegu zake nyeusi zina kofia nyekundu, watoto wanatengenezea shanga. Tuachie sasa, kuna mtu ana msiba hapa.

Kijana Leza
Dada pole. Kile nilichoandika juu nimekiona sasa kilivyokaa. Hiyo bawaba leza haiwezi, nakubali.

Mkata Methali
Mimi nakata majina ya kanga kwenye plaiwudi, ninaning'iniza sebuleni. Swali langu, O na B matumbo yake yanadondoka nikikata, nifanyeje? Na bledi gani kwa mvule? Zinakatika kila baada ya dakika mbili.

Fundi wa Jioni
Acha kidaraja cha milimita 2 kati ya tumbo na herufi. Mvule una mawe ndani, chokaa iliyoganda kwenye mti, ukisikia bledi inalia ghafla simamisha mashine. Namba 5 inatosha kwa unene wa robo tatu ya inchi, usiende namba 1. Na vaa barakoa, vumbi la mvule linawasha kifua.

Mzee wa Randa
Binti Seremala, nilikuwa nafikiri nikuandikie au ninyamaze. Nimefanya kazi ya mbao tangu 1979, nimeanzia kwa msumeno wa mkono. Baba yako kuacha mstari wa penseli si kwamba mkono wake ulikuwa unapita pembeni. Fundi wa zamani anakata ndani ya tundu makusudi, anabakiza nyama, kisha anaifikia penseli kwa tupa ndogo. Ndiyo maana nakshi zao kingo ni laini kama zimelambwa. Mguu ule unaoona aliumaliza, mimi naona hakuwa ameumaliza. Alikuwa bado anakuja na tupa.

Msumeno Mwembamba
Mzee, haya ya kumwambia mtu aliyefiwa jamani?

Mama wa Uyole
Hata mimi nimeona ni mazito. Angeachiwa alivyokuwa akiamini.

Mzee wa Randa
Kauliza kuhusu kazi, nimemjibu kuhusu kazi. Angekuwa binti yangu ningependa aambiwe.

Pwani Kwetu
Mzee yuko sawa. Shika bakora moja utupige sote.

Binti Seremala
Shikamoo Mzee. Sikukasirika. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilienda kwanza kwa mama, nikafungua mtoto wa meza ya baba. Tupa zimo tatu ndani ya kitambaa, ya bapa, ya pembetatu na ya mviringo, nyembamba kama kalamu. Ya bapa na ya pembetatu ni safi. Ya mviringo ina unga mwekundu kwenye meno, umekauka. Unga wa mbambakofi.

Nikaenda madrasa. Nimemwambia mwalimu yote, kidole na gundi. Akaivaa miwani akatafuta ni kipi, hakukiona, nikamwonyesha. Tukaigeuza miguu karibu na dirisha. Kwenye mguu wa baba, tundu la juu kabisa, lile la umbo la tone, penseli haipo. Ukingo ni laini. Alikuwa ameshalifikia lile moja. Kwa miezi mitatu sikuliona, nilidhani yote yako sawa.

Mwalimu kanipa siku saba niwe nayo. Nimeiweka juu ya meza ya baba. Mzee, naomba uniambie mambo mawili: pini ya kidole niitie vipi, na tupa ya mviringo inashikwaje, sijawahi kuitumia.

Mzee wa Randa
Marahaba mwanangu. Pini iwe ya mpingo ukipata, au ubavu wa mianzi, milimita 3, isizidi. Toboa kwa keekee ya mkono, usitumie ya umeme, na kabla ya kutoboa kibane kidole kwenye jiliwa na kitambaa pande zote. Gundi kidogo tu kwenye pini, isifike kwenye kiungo, ikifika bawaba haitafunguka.

Tupa iende mbele tu. Ukiirudisha, iinue kwanza. Kila unapoisukuma, izungushe kidogo kwa vidole kama unakunja uzi. Anza na mguu wako, si wa kwake, mpaka mkono uzoee. Na ile yenye unga mwekundu, usiipigie brashi kabla ya kuitumia.