Miaka sita kanisani na niko palepale, nyinyi mlikua aje kiimani?

Dada_wa_Kayole: Hamjambo wapendwa. Nimeokoka miaka sita sasa na ibada nimekosa labda mara tano, Jumapili naamka mapema napanda matatu mpaka tao, naimba, nalia, natoa sadaka, narudi nyumbani. Jumatatu saa nne niko kazini mtu akiniuliza pasta alihubiri nini nakumbuka tu ile stori yake ya fundi wa nguo ilifanya watu wacheke. Kanisa ni kubwa, hakuna mwenye ananijua jina. Nikajaribu apu ya kusoma Biblia kwa mwaka, nikafika Mambo ya Walawi kwa zile sheria za ukoma nikaishia hapo. Sasa naomba kujua, nini ilikusaidia WEWE? Na msiniambie "omba sana dadangu", hiyo nishaambiwa.

Baba_Umoja: Walawi imezika wengi, pole 😂 Anza na Marko, ni sura 16 tu, ukikaa unaimaliza jioni moja kabla stima ipotee. Mimi niko na daftari ya shule, kila siku naandika mstari mmoja na chini yake kitu chenye sijaelewa, yaani swali tu, jibu siandiki. Jumapili naenda nalo. Ya kwanza niliuliza mzee wa kanisa mbona Yesu aliulaani ule mtini na Marko mwenyewe anasema haikuwa wakati wa tini. Akakuna kichwa akasema twende tutafute pamoja. Mpaka leo hatujaelewana vizuri kuhusu huo mti lakini tunakunywa chai kila Jumapili tukibishana.

Mwanajumuiya: Sisi Wakatoliki tuko na jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa huku Afrika Mashariki walikutana hapa Nairobi 1973, wakarudi tena 1976, wakakubaliana hizo ndizo zitakuwa njia ya kujenga kanisa, juu parokia ikiwa kubwa mtu anapotea ndani yake tu. Yetu tuko kama kumi na wawili, Alhamisi jioni, kwa zamu nyumba kwa nyumba, na tunasoma injili ya Jumapili INAYOKUJA, kwa hivyo padre akianza kuhubiri wewe ushapigana na hilo somo siku tatu. Kuna mama wa mboga hajui kusoma, anasikiliza tu, na yeye ndiye huuliza yale magumu. Nikikosa Alhamisi mbili mtu anabisha mlango.

Teacher_wa_Sande: Mimi napinga kidogo. Hivi vikundi nimeona vikigeuka udaku, unasema shida yako Jumatano, Ijumaa iko Wasapu. Nilitoka. Chenye kilinikuza ni kupewa watoto wa Sande skuli na sikuwa najua kitu. Baada ya yale mafuriko ya 2024 mtoto wa miaka saba, kwao Mathare maji yaliingia usiku, akaniuliza kama Mungu alikuwa amelala. Nilinyamaza tu. Hiyo wiki nilisoma Zaburi kama mtu wa mtihani wa KCSE mpaka nikapata ya 44, kumbe wana wa Kora walishamuuliza Mungu hivyo hivyo, amka mbona umelala. Jumapili nikamsomea. Akasema, "si nilikuambia?"

Mjukuu_wa_Shosho: Hiyo ya udaku ni kweli. Shosho yangu alikuwa wa Uamsho, ile harakati ya wokovu ya Afrika Mashariki, wale wa wimbo wa Tukutendereza, ule moto ulianzia Gahini kule Rwanda ukafika Kenya 1937. Walikuwa wanatubu mbele ya wenzao kwa kutaja kitu chenyewe, na kama ni mali ya mtu unairudisha. Shosho alirudisha jembe la jirani lenye jirani mwenyewe alikuwa ashasahau, na likawa stori kijiji kizima, kwa hivyo udaku haukuisha hata kwao. Lakini alikuwa ameshasema mwenyewe, wangemsema nini tena?

Dada_wa_Kayole: Asanteni, hii imenifaa. Leo kwa jam ya Jogoo Road nimesoma Marko mpaka sura ya sita na niko na maswali manne tayari, moja ni ya wale nguruwe wa sura ya tano, walioingiwa na pepo wakazama. @Mwanajumuiya mimi si Mkatoliki lakini naweza kuja Alhamisi moja?

Mwanajumuiya: Karibu sana dada. Wiki hii ni kwa yule mama wa mboga, kuja tu na stuli yako viti vyake ni vichache. Na usikose hiyo swali ya nguruwe.